“Pranta” si ulimi mzito
Nchini Brazili, hasa mashambani, wako wasemao pranta badala ya neno la Kireno planta, yaani mmea. Watu wa mjini huwacheka, eti ulimi mzito, tena hawakusoma. Shule inahusika kweli, maana ndiyo inayokazia l. Ulimi hauna kosa. Kwa l, ncha yake hugusa ufizi na hewa hupita pembeni; kwa r hii hugusa papo hapo mara moja, kisha huachia. Baada ya p, f au k, kuteleza ni rahisi. Kireno sanifu chenyewe kiliteleza hivyo: neno la Kilatini placere likawa prazer (raha), clavus likawa cravo (msumari), ecclesia likawa igreja (kanisa). Hayo hayachekwi! Tena r haivamii ovyo: falta (upungufu) huwa farta, lakini lata (kopo), yenye l mwanzoni mwa neno, hubaki lata.