Kuzalia Majini: Je, Maji Yanalinda Misuli ya Nyonga?

Wajawazito wanaokuja kliniki hapa Tanga siku hizi wanatuonyesha video za wanawake wa Ulaya wakijifungua ndani ya beseni kubwa la maji, kisha wanauliza: ukizalia majini, huchaniki? Na baadaye mkojo hauvuji?

Maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi 37.5, hupunguza maumivu ya uchungu. Hilo ni kweli. Kwa msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, ni habari nyingine. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2024 ulihusu akina mama wenye ujauzito usio na matatizo, wote wakiwa mikononi mwa wakunga. Kwa wazazi wa mara ya kwanza, takriban 5 katika kila 100 walichanika hadi kwenye misuli ya haja kubwa, awe amezalia majini au alitumia maji wakati wa uchungu kisha akatoka kabla mtoto hajazaliwa. Maji hayakuongeza madhara, wala hayakuwa kinga. Tafadhali usijaribu nyumbani. Na mwenye presha, mapacha au kovu la upasuaji asiwaze kabisa kuzalia majini.

Misuli ya sakafu ya nyonga, inayobeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa, hutanuka mno kichwa cha mtoto kinapopita. Kinachoisaidia ni kichwa kutoka taratibu: mkunga anakwambia usisukume, hema tu, huku amekuwekea msambani kitambaa safi kilichochovywa maji ya uvuguvugu. Hayo yote yanafanyika kitandani.

Halafu kuna kukandwa. Najua bibi zetu wanakanda kwa mapenzi, na mzazi anahitaji kutunzwa. Lakini maji ya moto sana juu ya mshono mbichi yanaunguza, na hayarudishi misuli. Misuli hurudi kwa mazoezi: kaza kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, shikilia sekunde chache, achia kabisa. Mara 8, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi 3. Usibane pumzi wala makalio. Unaweza kufanya ukiwa unanyonyesha, hakuna atakayejua.

Mkojo kuponyoka ukikohoa au ukipiga chafya wiki za mwanzo hutokea kwa wengi. Ukiendelea baada ya miezi 3, njoo tukupime. Lakini ukitiririka wenyewe usiku na mchana baada ya uchungu wa muda mrefu, usingoje arobaini iishe. Huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, nayo inatibika. Nenda hospitali siku hiyohiyo.