Je, wajua? Kanisa la kale la Roma halikutokana na hekalu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Wakristo wa Roma walitwaa mahekalu, wakaondoa sanamu, wakaweka msalaba. Pantheon ndiyo iliyonipoteza, maana hekalu hilo kweli liligeuzwa kanisa. Lakini hilo lilitokea mwaka 609, na Roma ilikuwa na makanisa makubwa tangu karne ya 4.

Hekalu lilikuwa nyumba ya mungu. Sanamu ilikaa ndani. Watu walikusanyika nje, na hata madhabahu ya kuchinjia ilikuwa uwanjani, mbele ya ngazi. Wakristo walihitaji kinyume chake: wote waingie, wasikie Neno, washiriki meza moja. Jengo la namna hiyo lilikuwapo tayari, na halikuwa la dini. Ni basilika, ukumbi wa mjini ambamo kesi zilisikilizwa na wafanyabiashara walipatana bei. Mara nyingi hakimu aliketi mwishoni, penye ukuta wa nusu duara. Kaisari Konstantino alipoanza kuwajengea Wakristo, ukumbi ulikuwa wa aina hiyo. Kiti cha hakimu kikawa cha askofu.

Linalonivutia zaidi ni mwanga. Chukua kanisa la Santa Sabina, juu ya kilima cha Aventino mjini Roma, lililoanzishwa wakati wa Papa Selestino I (422–432). Fikiria nyumba ndefu yenye upenu pande zote mbili. Sasa bomoa kuta zake chini ya upenu, uweke nguzo 24 za marumaru zilizounganishwa kwa matao. Sehemu ya juu ya kuta inabaki, imepanda kupita paa za upenu, na hapo ndipo madirisha yanapotobolewa.

Mbona kuta zenye matundu hivyo hazisukumwi nje na paa? Egemeza vitabu viwili kama paa: miguu yake itateleza kwenda nje. Ifunge kwa uzi, vinatulia. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, hufanya vivyo hivyo. Boriti ya chini ndiyo uzi, na uzito wa paa unashuka wima. Dari la matao ya mawe lingezisukuma kuta nje, zikahitaji unene mkubwa.

Mwanga huo hufika hadi juu ya mlango, kwenye maandishi ya dhahabu juu ya buluu. Yanamtaja mwanzilishi, padri Petro wa Iliria: tajiri kwa maskini, maskini kwa nafsi yake.