Mwanafunzi wa tiba ya muziki wodini si mtumbuizaji

Kila kwaya au mpiga gitaa anapotembelea wodi ya watoto, huandikwa kwamba wagonjwa wamepata tiba ya muziki, na kijana aliyeimba huitwa mwanafunzi wa tiba hiyo aliye mafunzoni. Matumizi haya yameenea mno. Mafunzo kwa vitendo ya tiba ya muziki ni kipindi ambacho mwanafunzi wa fani hiyo huwahudumia wagonjwa kwa muziki, chini ya usimamizi wa mtaalamu aliyehitimu, kwa lengo la kiafya lililowekwa kwa kila mgonjwa. Maana ni hiyo, na haina ugumu. Kinachosumbua ni mpaka kati yake na burudani.

Mtumbuizaji huwasili na nyimbo alizozizoea, ilhali mwanafunzi wa tiba hulazimika kwanza kumfahamu mtoto: amelazwa kwa maradhi gani, anaogopa nini, nyumbani kwao husikilizwa nyimbo zipi, na wauguzi wanataka asaidiwe katika jambo gani. Tuchukue mtoto anayelia kwa hofu wakati muuguzi anatafuta mshipa wa kumwekea dripu. Mtu mwenye nia njema angemwimbia bembelezi papo hapo, na mtoto asingeisikia. Mwanafunzi aliyefundishwa huanza kwa mdundo unaoikaribia kasi ya pumzi na fadhaa ya mtoto, kisha hupunguza mwendo kidogo kidogo ili mtoto amfuate, kanuni ambayo daktari wa akili Ira Altshuler aliieleza nchini Marekani katika miaka ya 1940. Pia hujifunza kunyamaza muuguzi anapohitaji kusikika, na baadaye huandika kilichotokea katika kumbukumbu za mgonjwa, hata kama mtoto hakutulia.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi kwa watoto njiti. Katika wodi yao sauti yenyewe yaweza kuwa mzigo, ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani wamependekeza kelele isizidi desibeli 45. Utafiti ulioongozwa na Joanne Loewy na kuchapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika hospitali 11 kwa watoto njiti 272, ulihusisha bembelezi na sauti nyingine zilizotolewa papo hapo na wataalamu wa tiba ya muziki, wakizilinganisha na pumzi na mapigo ya moyo ya mtoto. Mwanafunzi anayefunzwa mahali kama hapo hutumia muda mwingi akitazama kuliko akiimba, kwa sababu mtoto anayekunja uso, kutanua vidole au kupungukiwa oksijeni anamwambia aache. Kwa maoni yangu, huo ndio ujuzi mgumu kuliko wote, na hakuna jukwaa linaloufundisha.

Ndiyo sababu mafunzo haya ni marefu. Nchini Marekani chama cha wataalamu wa tiba ya muziki kinadai angalau saa 1,200 za mafunzo ya kitabibu, nyingi kati yake zikiwa katika kipindi cha mwisho cha kazi chini ya usimamizi, kabla ya mtihani wa kitaifa. Nchini Uingereza jina la mtaalamu wa tiba ya muziki linalindwa kisheria, na asiyesajiliwa hana haki ya kulitumia. Msimamizi naye hashughulikii ufundi wa kupiga ala peke yake. Humkalisha mwanafunzi na kuzungumza naye kuhusu mtoto aliyefariki jana, kwani yupo atakayefiwa na mgonjwa kabla hajahitimu.

Kwaya inayokuja wodini siku ya sikukuu inafanya jambo jema, na watoto huifurahia kwa haki. Iandikwe tu kwamba watoto walitembelewa na wanamuziki wa kujitolea, na neno mafunzo ya tiba libaki kwa yule mwenye msimamizi, lengo na faili la mgonjwa mbele yake.