Alfa ni nani katika kundi la nyani?

Dume akitoa meno na kumkimbiza mwenzake, msimuliaji wa filamu ya wanyama hutangaza papo hapo kwamba huyo ndiye alfa. Mara nyingi hana ushahidi wowote.

Katika elimu ya tabia za wanyama, hadhi ni uhusiano wa wawili: kila wakutanapo, mmoja humpisha mwingine, na mpishaji ni yuleyule karibu kila mara. Alfa ni yule anayepishwa na wote. Mpangilio wa namna hii ulielezwa kwanza kwa kuku, na Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Ukali ni kitu kingine. Ukali unaweza kuwa tabia ya mnyama mmoja popote alipo, lakini hadhi haipo bila mwenzake. Dume wa nyani akihama kundi alilozaliwa hahami na cheo. Huko aendako anaanza upya. Kwa majike wa nyani nguvu za mwili hazina uzito mkubwa: binti hupata nafasi iliyo chini kidogo tu ya mama yake, na mdogo mtu kwa kawaida huishia juu ya dada zake wakubwa. Ndiyo maana jike ambaye bado hajakomaa anaweza kumwondoa mtu mzima wa ukoo wa chini kwenye chakula, na yule mtu mzima akaondoka bila ugomvi.

Sokwe naye ana ishara iliyo wazi kuliko pigano lolote: mguno wa kuhema ambao wa chini humtolea wa juu. Kule Gombe, mwaka 1964, dume aliyeitwa Mike alipanda hadi kileleni kwa kusukuma madebe matupu ya mafuta ya taa mbele yake kwa kishindo, na wenzake waliokuwa wakubwa kuliko yeye wakamjia kwa miguno hiyo.

Kwa hiyo kinachohesabiwa ni kupisha. Kila tukio huandikwa: nani alisogea, nani aliondoka, palikuwa na chakula au hapana. Kisha hupangwa jedwali, washindi kwenye safu za kulala na walioshindwa kwenye safu za kusimama, na majina hupangwa upya hadi namba nyingi ziwe upande mmoja wa ulalo, yaani mstari wa mshazari unaokata jedwali kutoka pembe hadi pembe. Makosa huingia kirahisi. Ukihesabu mashambulizi kama ushindi, utampandisha mgomvi ambaye mwenzake alimrudishia na hakuondoka. Ukiandika tu kile kilichokuvuta macho, wenye kelele watajaa daftarini na wanaopishwa kimyakimya watakosekana. Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani, alilionya hilo mwaka 1974, akapendekeza kumfuata mnyama mmoja mmoja kwa muda uliopangwa. Visanduku vitupu vya jedwali navyo si sare: huenda wawili hao hawajaonekana pamoja.

Alfa si lazima awe kiongozi wa safari pia. Nyani waliofungwa vifaa vya kufuatilia mahali walipo huko Mpala, Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walifuata upande wenye wengi, si dume wa juu. Na cheo hakimaanishi raha: kule Amboseli, kinyesi cha madume alfa kilikuwa na homoni za msongo nyingi kuliko cha madume wa nafasi ya pili.

Basi ukiona dume anamkimbiza mwenzake, sema tu kwamba anamkimbiza. Kama unataka kujua cheo chake, mtazame akiusogelea mti wenye matunda wakati hakuna ugomvi, uone nani anaondoka.