Gold kwenye pawa saplai inapima nini hasa

Mtu akiuliza achague pawa saplai (kifaa kinachotoa umeme ukutani na kuwapa vifaa vya ndani) gani kwa kompyuta yenye nguvu anayoiunda mwenyewe, majibu mawili hayakosekani. La kwanza: "Chukua ya Gold, hizo za Bronze zitakuunguzia kadi ya grafiki." La pili: "Lakini ujue Gold ya wati 850 inakupa 765 tu, maana ufanisi wake ni asilimia 90." Yote mawili yana kasoro. La pili linaudhi zaidi kwa sababu limevalishwa hesabu, na watu wakiona hesabu hunyamaza.

Maana yenyewe ni fupi. Ufanisi wa pawa saplai ni kiasi gani cha umeme unaovutwa ukutani kinafika kwenye vifaa vya kompyuta. Usiofika hugeuka joto. 80 PLUS ni cheti cha ufanisi huo. Bronze, Silver, Gold, Platinum na Titanium ni madaraja yake.

Sasa hiyo 765. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni za upande wa kutoa. Pawa saplai ya wati 850 imeahidi kuipa kompyuta wati 850, iwe ya Bronze iwe ya Titanium. Hasara inalipwa upande wa ukutani. Tuseme uko katikati ya gemu nzito na vifaa vyako vinadai wati 500. Yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta ukutani wati kama 556, yenye asilimia 85 itavuta kama 588. Prosesa na kadi ya grafiki hazina habari na lolote kati ya hayo, kwani 500 zao zimefika. Hizo wati thelathini na kitu za tofauti utazikuta kwenye mita ya umeme, na kwenye hewa ya moto inayotoka nyuma ya kesi.

Kosa hili lina pacha wake: yule anayekwepa pawa saplai ya wati 1000 akidhani itakula wati 1000 kutwa nzima. Namba ile ni kikomo. Mashine ikiwa imetulia, unaandika barua tu, vifaa vinaweza kudai wati 70, na pawa saplai itatoa hizo hizo 70.

Mkanganyiko wote unaeleweka ukijua cheti kilikotoka. 80 PLUS ilianza Marekani mwaka 2004, na nyuma yake walikuwepo watu wa kubana matumizi ya umeme pamoja na makampuni ya kusambaza umeme. Wapenzi wa gemu hawakuwa kwenye hesabu. Wakati huo pawa saplai nyingi za kompyuta zilikuwa zinapoteza robo ya umeme au zaidi, na ukizidisha hasara hiyo kwa kompyuta za maofisi yote unapata mzigo wa kutisha. Ndipo ikawekwa sakafu: ufanisi usipungue asilimia 80 kwenye mzigo wa asilimia 20, wa 50 na wa 100. Jina limetoka hapo. Madaraja ya rangi za medali yalianza kuongezwa mwaka 2008, baada ya sakafu ile kuwa rahisi kwa watengenezaji. Gold, kwa umeme wa volti 115, inataka asilimia 87 kwenye mzigo wa 20, 90 kwenye 50, na 87 kwenye 100. Bronze inataka 82, 85 na 82. Tofauti nzima kati ya medali hizo mbili ni pointi tano.

Bahati mbaya waliochagua majina walichagua ya medali, na mtu akiona medali anafikiria mshindi. Lakini kipimo chenyewe hufanyika kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 23 hivi, kwa sampuli anazoleta mtengenezaji mwenyewe. Ndani ya kesi iliyobanana, kadi ya grafiki ikichemka jirani, hali ni nyingine kabisa. Halafu yapo ambayo cheti hakiyagusi. Hakipimi mtetemo wa volti, ambao kanuni za ATX (kiwango cha pamoja cha kutengeneza pawa saplai za kompyuta) zinautaka usizidi milivolti 120 kwenye mstari wa 12V, yaani njia inayotoa umeme wa volti 12. Hakiulizi umeme ukikatika kufumba na kufumbua, pawa saplai itashikilia kwa milisekunde ngapi kabla mashine haijazima. Hakijaribu kama kinga dhidi ya shoti, dhidi ya volti kupanda au dhidi ya joto kupita kiasi inafanya kazi kweli. Hakisemi kapasita zilizomo (vijidude vya kuhifadhi umeme) zimeundwa kuhimili joto la nyuzi 85 au 105. Kadi ikiungua, chanzo utakitafuta kwenye orodha hii, na ndiyo maana Bronze iliyotengenezwa kwa uangalifu inaweza kuwa salama kuliko Gold ya kuungaunga.

Kwa mashine kali kuna jambo jingine linalonifanya nisitulie nikisikia "ni ya Gold, haina shida". Kadi za grafiki za siku hizi hazivuti umeme kwa utaratibu. Kadi inayotajwa kuwa ya wati 350 inaweza kuruka juu sana ya hapo kwa muda mfupi mno, ikashuka, ikaruka tena. Pawa saplai yenye wati zinazotosha kwa shida tu inadhani kuna hatari, inajikinga, na kompyuta inazima ghafla gemu linapopamba moto. Mwenyewe atailaumu Windows. Toleo la ATX 3.0 la mwaka 2022 lililenga tatizo hilo: pawa saplai zinazopita wati 450 na zenye plagi mpya ya pini 16 zinatakiwa kuhimili mruko wa hadi mara mbili ya wati zao kwa maikrosekunde 100. Huo ni uvumilivu, na hauna uhusiano na medali yoyote.

Kwa hiyo igeuze pawa saplai ubavuni usome stika yenye jedwali. Tafuta +12V, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki zinakula huko karibu mlo wote. Ukikuta ampea 70.8, zidisha kwa 12: unapata 850 kasoro kidogo, na namba ya kwenye boksi ni ya kweli. Ukikuta ampea 54 kwenye boksi la 850, hapo una wati 648 za kazi, zilizobaki zimegawiwa mistari ya 5V na 3.3V ambayo mashine yako haina haja nayo kiasi hicho. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, hata medali iwe ya rangi gani. Kisha jumlisha vyako. Kadi ya grafiki ya RTX 4090 ni wati 450, prosesa ya Core i9-14900K inaweza kufika 253. Hizo ni 703 kabla ya feni, pampu na diski. Nani ataweka 750 hapo kwa amani?

Wapo pia wanaosema lazima ununue mara mbili ya mahitaji kwa sababu ufanisi uko kileleni kwenye mzigo wa asilimia 50. Kilele kipo, ila angalia namba za Gold hapo juu: kati ya nusu mzigo na mzigo kamili ni pointi tatu. Kwa matumizi ya wati 600, hiyo ni tofauti ya wati 23 hivi ukutani. Nunua kubwa kwa ajili ya miruko ya kadi, au kwa ajili ya feni isipige kelele. Kwa pointi tatu peke yake ni gharama ya bure.

Sisemi Gold ni mbaya. Mimi mwenyewe huanzia hapo nikichagua, kwa sababu joto kidogo ndani ya kesi ni jambo jema. Ila rafiki yako akikwambia "nina ya Gold", muulize kwa upole: ampea ngapi kwenye 12V, inafuata ATX ipi, na waranti ni ya miaka mingapi?