Jozi Moja Haijengi Ukoo: Kwa Anayetaka Kuleta Mbwa wa Nadra wa Kuwinda Nchini Kenya

"Daktari, nikileta dume mmoja na jike mmoja, si inatosha?" Swali hili hutufikia sana hapa Kabete, kutoka kwa watu wa Karen, Kitengela na Ruiru waliompenda basenji, azawakh au otterhound na sasa wako tayari kumlipia nauli ya ndege. Jibu langu ni hapana. Naomba nilieleze kwa kirefu, maana likijibiwa harakaharaka kwenye simu, pesa hupotea na mbwa huumia.

Jozi moja itakupa watoto. Haitakupa ukoo. Watoto hao ni ndugu wa baba na mama mmoja, na nchini hakuna mbwa mwingine wa aina yao wa kuwapandisha naye. Ukiwapandisha wao kwa wao, kila mjukuu anakuwa na uwezekano wa asilimia 25, katika kila kinasaba, wa kupata nakala mbili zilizotoka kwa mbwa yule yule mmoja. Kwa ndugu wanaochangia mzazi mmoja tu, uwezekano huo ni asilimia 12.5. Kila mbwa duniani, hata bingwa wa maonyesho, amebeba kasoro kadhaa zilizojificha. Nakala moja ya kasoro hiyo haimdhuru. Zikikutana mbili, ndipo unapoona figo zinazokufa mapema, macho yanayopofuka, na majike wanaozaa watoto wawili badala ya sita.

Basenji mwenyewe anatufundisha mengi, na ni mbwa wa Afrika, mwindaji wa misitu ya Kongo. Jozi iliyoletwa Uingereza mwaka 1895 ilioneshwa kwa watu, kisha ikafa muda mfupi baadaye kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1930, ambapo mfugaji Mwingereza Olivia Burn alifanikiwa kuwazalisha na kuwaonesha London mwaka 1937. Basenji waliosambaa Ulaya na Marekani baada ya hapo walitokana na waasisi wachache sana. Miaka ya 1970 kikapatikana kipimo cha ugonjwa wa kurithi unaoharibu chembe nyekundu za damu, na wafugaji wengi wa Marekani wakawatoa kwenye uzazi mbwa wote waliobeba kinasaba hicho, hata waliokuwa wazima kabisa. Ugonjwa ule ukapungua. Lakini kundi lililokuwa dogo likazidi kuwa dogo, na ugonjwa mwingine, Fanconi, ukawa ndio tatizo kubwa. Mwenye Fanconi hunywa maji bila kushiba na kukojoa ovyo, na figo zake humwaga sukari kwenye mkojo ilhali sukari ya damu iko sawa. Ndiyo sababu tunasisitiza mkojo wa basenji upimwe kwa kijiti cha sukari mara kwa mara, hata akionekana mzima.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani walifunga safari hadi Zaire, kama ilivyoitwa wakati huo, wakachukua mbwa wapya vijijini, na mwaka 1990 American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa nasaba huko, ikakubali kuwaingiza kwenye daftari lake. Kipimo cha vinasaba cha Fanconi kilikuja baadaye, mwaka 2007, kikaboreshwa 2011. Leo mbebaji hahitaji kuhasiwa. Akipandishwa na mwenzake asiyebeba, hakuna mtoto atakayeugua, ingawa kwa wastani nusu yao watakuwa wabebaji. Nalisisitiza hili kwa sababu hapa kwetu mtu akiambiwa mbwa wake "ana ugonjwa kwenye vinasaba" hukimbilia kumhasi au kumtupa, na katika kundi la mbwa kumi huwezi kumudu kupoteza hata mmoja kwa namna hiyo.

Wapo waliofika pabaya zaidi. Lundehund wa Norway, aliyekuwa akiwinda ndege wa baharini kwenye majabali na mwenye vidole sita kila mguu, alikaribia kutoweka distempa ilipoingia kisiwa cha Værøy miaka ya 1940. Wote waliopo leo wametokana na mbwa sita, na watano kati yao walikuwa watoto wa mama mmoja. Wengi huugua matumbo yasiyoweza kushika protini. Mwaka 2014 Wanorwe walianza kuwapandisha na aina nyingine za mbwa wa Kaskazini ili kuwaongezea damu mpya. Hakukuwa na njia nyingine.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kikundi cha wafugaji wa Nairobi kimeleta mbwa 11. Wakiwa dume mmoja na majike 10, kundi hilo kwa upande wa vinasaba lina nguvu ya mbwa wasiofika wanne, maana kila mtoto hupata nusu ya vinasaba vyake kwa dume huyo huyo. Wakiwa madume wanne na majike saba, nguvu yake inapita mbwa 10. Idadi ni ile ile, nauli ni ile ile, tofauti ni nani aliyepanda ndege. Wataalamu wa kuhifadhi mifugo adimu huchukua nguvu ya mbwa 50 kuwa kiwango cha chini cha kulinda kundi, na hakuna mtu mmoja Kenya atakayefika huko akiwa peke yake katika ua wake. Adui mkubwa hapa ni yule dume mrembo ambaye kila mtu anamtaka. Ukiona watoto wote wa mwaka huu wana baba mmoja, jua ukoo umeanza kufungwa.

Damu mpya haina lazima ije na miguu minne. Mbegu ya mbwa iliyogandishwa husafiri ndani ya nitrojeni ya kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sufuri, teknolojia ile ile ambayo mwenye ng'ombe wa maziwa Githunguri anaijua vizuri. Ugumu uko kwenye muda. Mbegu ikishayeyushwa huishi saa chache tu, na yai la mbwa likitoka huwa bado changa, linahitaji siku mbili au tatu kukomaa. Ukikadiria kwa kuangalia damu inayomtoka jike, utakosa. Kwa hiyo tunachukua damu mguuni kila baada ya siku moja au mbili na kupima homoni ya projesteroni. Ikikaribia nanogramu 5 kwa mililita, mayai yanatoka, na hapo tunaanza kuhesabu. Siku ikifika mrija unatolewa kwenye mtungi, unaingizwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda uliowekwa na maabara iliyoigandisha, na tone moja huwekwa chini ya darubini kwanza. Tunatafuta mbegu zinazokwenda mbele. Zinazotikisika mahali pamoja hazitafika popote. Majike wengi huingia kwenye joto takriban mara mbili kwa mwaka, lakini basenji kwa kawaida ni mara moja, hivyo ukikosa Machi hii unaongea habari za Machi ijayo.

Kuhusu karatasi: kibali cha Idara ya Huduma za Mifugo hutangulia safari, na hicho kinahitajika hata kwa mbegu. Mbwa awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa na cheti cha afya kilichoidhinishwa na daktari wa serikali ya nchi anakotoka. Chipu iwekwe kabla ya chanjo, la sivyo chanjo haihesabiki kuwa ya mbwa huyo. Jambo moja wengi hulisahau. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia Umoja wa Ulaya kwa urahisi. Ukitaka baadaye kumrudisha akapandishwe huko, atapimwa damu siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha mngoje miezi mitatu. Kipimo hicho kikifanywa Ulaya kabla hajaondoka, na chanjo isikatizwe baadaye, hakuna kungoja. Mwombe muuzaji akifanye.

Akifika, kupe ndio wanaomsubiri. Mbwa aliyekulia kaskazini mwa Ulaya hajawahi kukutana na babesia yetu, vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe, na anaweza kuzidiwa kwa siku mbili. Mwenye mbwa huja akisema "amekataa chakula tu." Ukiinua mdomo, fizi ni nyeupe kama karatasi, na mkojo una rangi ya kahawa. Tunachoma ukingo wa sikio, tunapaka tone la damu kwenye kioo, na vimelea vinaonekana ndani ya chembe nyekundu. Dawa ya kuzuia kupe ianze kabla ya safari, na umkague kila jioni katikati ya vidole na ndani ya masikio. Anayempeleka mbwa maeneo yenye mbung'o ajue pia kwamba mbwa huugua nagana vibaya, na dalili ya mapema inaweza kuwa ukungu wa buluu kwenye jicho.

Swali la kazi yake ni la lazima, maana mbwa wa kuwinda asiye na kazi huharibu nyumba na kuteseka mwenyewe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Kumfungulia azawakh akimbize swala Kajiado ni kosa, hata shamba likiwa lako. Lakini pua ina kazi halali: bloodhound hufuata nyayo za majangili Lewa na Mara, na mbwa wa kunusa wanafanya kazi uwanja wa ndege wa JKIA. Kwa wale wa mbio, pata uwanja uliozungushiwa ua na kitu cha kuvutwa kwa kamba wakikimbize.

Wanyamapori wetu wana sababu nyingine ya kumwogopa mbwa asiyechanjwa. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti na ikavuka hadi Maasai Mara. Mwaka 2017 ikawafagia mbwa mwitu wa Laikipia. Ukifuga karibu na hifadhi, changia pia chanjo ya mbwa wa majirani. Hiyo ni gharama ya mradi kama ilivyo nauli.

Kabla hujatuma malipo ya kwanza, tafuta wenzako watatu au wanne, kila mmoja alete mbwa wa nasaba tofauti, na mwandikishane: dume mmoja asizae zaidi ya idadi mliyokubaliana, kila mtoto apimwe na aandikishwe East Africa Kennel Club, na atakayeshindwa kumfuga amrudishe kwa kikundi badala ya kumuuza barabarani. Kisha njooni Kabete na vyeti vya nasaba vya mbwa wote, vizazi vitano nyuma, tuvipitie pamoja mezani kabla ya kuomba kibali.