Oldsmobile haikufa kwa uzee: yanayosemwa na yaliyotokea

Tarehe 29 Aprili 2004, mjini Lansing katika jimbo la Michigan, Alero moja ya rangi ya damu ya mzee ilitoka kiwandani ikiwa imejaa saini. Wafanyakazi walikuwa wameandika majina yao kwenye gari hilo, kwa kuwa walijua nyuma yake halifuati jingine. Ndiyo iliyokuwa gari la mwisho la Oldsmobile, chapa ya Kimarekani. Miaka 107 ilikuwa imepita tangu kampuni ianze, na zaidi ya magari milioni 35 yalikuwa yameshauzwa kwa jina hilo.

Nimefuatilia habari za gari hili kwa muda mrefu, na kila zinapozungumzwa nasikia maelezo yaleyale: lilikuwa la wazee, dizeli yake ilikuwa mbovu, tangazo fulani liliwafukuza wateja. Mengine yana chembe ya ukweli ndani yake. Mengi ni uongo unaowaonea watu wa Lansing, na ndiyo maana naandika.

"Jina lenyewe linasema ni gari kuukuu"

Hapana. Jina ni la mtu. Ransom Eli Olds alizaliwa Ohio mwaka 1864, akakulia Lansing kwenye karakana ya baba yake, ambako walikuwa wakitengeneza injini. Agosti 1897 alianzisha kampuni ya magari, na magari yake yakabeba jina la ukoo wake. Kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba Olds hakukaa hapo muda mrefu. Mwaka 1904 aligombana na wenye hisa, akaondoka, akaanzisha kampuni nyingine palepale Lansing na kuiita REO, herufi za mwanzo za majina yake matatu. Oldsmobile ikanunuliwa na General Motors (GM), kampuni yenye chapa kadhaa za magari, mwaka 1908. Kwa hiyo karibu karne nzima gari hilo liliishi bila aliyelipa jina.

"Aliyeanza kuunda magari kwa wingi ni Henry Ford"

Ford alichokileta mwaka 1913 ni mstari unaotembea: gari linasogezwa mbele ya fundi, fundi hasogei. Hilo ni lake na apewe. Lakini miaka 12 kabla yake Olds alikuwa tayari ameuza gari moja lilelile, lenye vipuri vinavyofanana, kwa mamia na baadaye kwa maelfu. Mwaka 1901 yalitoka magari 425. Mwaka 1904 yalipita 5,000.

Gari lenyewe lilijulikana kama Curved Dash, kwa sababu ubao wake wa mbele ulikunjwa kuelekea juu kama pua ya jahazi. Injini ya silinda moja ilikaa chini ya kiti. Usukani wa duara haukuwepo. Dereva alishika mkono wa chuma na kuuvuta huku na huku kama nahodha ashikavyo kana. Gia zilikuwa mbili za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Bei ilikuwa dola 650, wakati magari mengi yalikuwa vitu vya matajiri.

Mwishoni mwa 1901 kijana wa kampuni, Roy Chapin, aliliendesha moja kutoka Detroit hadi New York kwenye maonyesho ya magari. Barabara zilikuwa tope tupu, hata sehemu ya njia akapita kwenye kijia cha nyumbu kando ya mfereji wa Erie. Alitumia siku saba na nusu, akafika amejaa matope. Gari lilifika nalo, na maagizo yakaja.

Kuna hadithi tamu inayosimuliwa pamoja na hii: kwamba moto ulioteketeza kiwanda cha Detroit tarehe 9 Machi 1901 uliunguza magari yote ya majaribio, likapona Curved Dash moja tu, ndipo Olds akalazimika kulitengeneza. Kiwanda kiliungua kweli. Ila uamuzi wa kulipa gari hilo kipaumbele ulikuwa umeshafanywa, na wateja walishaanza kuagiza kabla ya moto. Kwangu mimi jambo zito zaidi ni jinsi Olds alivyotegemea karakana za watu wengine kwa vipuri vyake. Giaboksi alizichukua kwa ndugu wawili wa Dodge, injini kwa Henry Leland. Ndugu wa Dodge baadaye walitengeneza magari yao wenyewe. Leland akaijenga Cadillac. Sehemu kubwa ya tasnia ya Detroit ilijifunza kazi kwa kumtengenezea Olds vifaa.

"Lilikuwa gari la wazee, halina jipya"

Hapa ndipo ninapokasirika. Kama kulikuwa na tawi la GM lililotumwa kuvuka mto kwanza ili wengine wajue kina, lilikuwa Oldsmobile.

Magari yake ya 1940 yaliuzwa na gia ya otomatiki iliyoitwa Hydra-Matic, kwa nyongeza ya dola 57. Pedali ya klachi haikuwepo kabisa. Gia hiyohiyo ikaenda vitani ndani ya vifaru vyepesi, na leo kila anayetia D na kukanyaga mafuta anaifaidi kazi hiyo. Mwaka 1949 ikaja injini ya V8 iliyoitwa Rocket, yenye nguvu za farasi 135, wakaiweka kwenye bodi nyepesi na kuliita gari 88. Mwaka huohuo dereva Red Byron, akiwa na 88, alitwaa ubingwa wa kwanza wa NASCAR, mbio za magari za Marekani, katika daraja la magari ya kawaida ya dukani. Mwaka 1959 Lee Petty alishinda mbio za kwanza za Daytona 500 kwa Oldsmobile, kwa pengo dogo kiasi kwamba waamuzi walichunguza picha kwa siku kadhaa kabla ya kumpa ushindi.

Mwaka 1962 ikaja Jetfire yenye turbo. Injini ilikuwa na mgandamizo mkubwa, hivyo ili isigonge, yaani mafuta yasilipuke kabla ya wakati wake, walipuliza ndani yake mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka kwenye chupa iliyokaa chini ya boneti. Chupa ikiisha, mfumo unapunguza nguvu wenyewe. Wenye magari walisahau kujaza, wakalalamika gari limechoka, na wengi wakaishia kuing'oa turbo. Wazo lilikuwa sahihi, limewahi tu. Mwaka 1966 Toronado ikawa gari la kwanza la Kimarekani tangu Cord ya miaka ya 1930 kuvutwa na magurudumu ya mbele, tena kwa V8 ya nguvu za farasi 385. Katikati ya miaka ya 1970 mnunuzi wa Toronado aliweza kulipia mfuko wa hewa wa kumkinga kwenye ajali, jambo ambalo Wamarekani wengi walilipata baada ya 1990. Na 1995 Oldsmobile ilikuwa ya kwanza nchini humo kuuza gari lenye ramani ya satelaiti.

"Gari la kati ni gari lisilo na sifa"

Ili kuelewa kifo chake, inabidi kuelewa ngazi. Alfred Sloan aliyeiongoza GM tangu miaka ya 1920 alipanga chapa zake kama vidato: Chevrolet chini, kisha Pontiac, kisha Oldsmobile, kisha Buick, na Cadillac juu. Kijana anaanza na Chevrolet. Akipandishwa cheo anapanda kidato. Katikati ndipo alipokaa mwalimu mkuu, mhasibu, daktari mwenye familia, fundi mwenye karakana yake. Mtu wa aina hiyo alilipia tofauti anayoweza kuigusa: injini nyingine, gia nyingine, uzito mwingine wa mlango unapofungwa.

Mwaka 1976 Cutlass ya Oldsmobile ilikuwa gari lililouzwa kuliko yote Marekani. Mwaka uliofuata Oldsmobile iliuza zaidi ya milioni moja, ikarudia tena mara kadhaa hadi 1986. Wanaosema hakuna aliyelitaka wanasema kitu ambacho hesabu zinakikataa.

Ila mwaka huohuo wa 1977 paliingia ufa. Injini za Rocket hazikutosha, kiwanda kikaanza kuweka injini za Chevrolet ndani ya magari ya Oldsmobile bila kumwambia mnunuzi. Mteja mmoja wa Chicago alipeleka Oldsmobile yake aina ya Delta 88 kutengenezwa, vipuri vya Oldsmobile vikakataa kuingia. Mwanasheria mkuu wa Illinois akafungua kesi, na GM ikalazimika kuwafidia wateja. Viongozi wa kampuni waliona ni kelele ya bure, injini ni injini. Mteja hakuona hivyo, na mteja alikuwa sahihi: alikuwa amelipia kidato cha katikati, akapewa cha chini.

"Dizeli yao ilikuwa injini ya petroli iliyogeuzwa"

Hili husemwa hata na mafundi wazuri. Injini ya lita 5.7 iliyotoka 1978, wakati Marekani bado ina kidonda cha uhaba wa mafuta wa 1973, ilisanifiwa kuwa ya dizeli. Bloki, yaani mwili wa injini, ilikuwa nene zaidi, krankishafti imara zaidi. Baadaye watu wa mbio walizitafuta bloki hizo na kuzijengea injini za petroli zenye nguvu, kwa sababu hazivunjiki.

Kosa lilikuwa juu ya bloki. Ili mitambo ileile ya kiwandani itumike, hedi, kifuniko kinachokaa juu ya silinda, ilifungwa kwa bolti 10, katika mpangilio uleule wa injini ya petroli. Sasa dizeli hugandamiza hewa hadi zaidi ya mara 20, karibu mara mbili na nusu ya petroli za wakati ule. Bolti zikavutika, hedi ikanyanyuka kiasi cha unywele, gasketi inayoziba kati ya hedi na bloki ikaachia, maji ya rejeta yakaingia kwenye silinda. Maji hayagandamiziki. Pistoni inapopanda ikiyakuta, kitakachopinda si maji. Fundi asiyeijua dizeli alibadilisha gasketi, akarudisha bolti zilezile zilizokwisha kuvutika, na baada ya miezi gari likarudi.

Halafu wakaacha kuweka kichujio cha kutenganisha maji na dizeli, kifaa ambacho dereva yeyote wa lori anajua hakikwepeki. Dizeli ya vituoni ilikuwa chafu, pampu zikala kutu. Kufikia 1985, mwaka wake wa mwisho, injini ilikuwa imerekebishwa na kuwa ya kuaminika, lakini wateja walishaondoka. Wahandisi waliijenga injini. Waliobana matumizi ndio walioiharibu.

"Tangazo ndilo lililoua"

Mwaka 1988 lilitoka tangazo maarufu lililosema, hii si Oldsmobile ya baba yako. Naona lilikuwa kosa, kwa sababu liliwatukana wateja waaminifu bila kuwaleta wapya. Lakini mauzo yalikuwa yameshaporomoka kwa laki kadhaa kabla halijaonekana kwenye televisheni. Chanzo tukitafute nyuma zaidi.

Mwaka 1983 jarida la Fortune liliweka kwenye jalada magari ya GM ya chapa tofauti, na msomaji alishindwa kuyatofautisha. Cutlass Ciera ilikuwa pacha wa Buick Century, Pontiac 6000 na Chevrolet Celebrity: bodi moja, milango ileile. Sisi tumezoea Noah na Voxy na hatuoni shida. Lakini Toyota haikumwambia mtu kwamba Voxy ni cheo. GM ilikuwa imewaambia Wamarekani hivyo kwa miaka 60. Mwaka 1984 ikapanga upya matawi yake, uhandisi ukahamishiwa juu, na Lansing ikanyimwa haki ya kusanifu gari lake yenyewe. Mwaka 1990 ukoo wa V8 za Rocket ukakoma. Wakati huo Honda Accord, inayoundwa Ohio, ilikuwa imeshachukua nafasi ya Cutlass mioyoni mwa watu wa kati.

Aurora ya 1995 ilikuwa gari zuri kweli. Nje yake hapakuandikwa neno Oldsmobile. Mzazi alikuwa ameanza kulionea haya jina la mtoto wake.

"Iliondoka GM ilipofilisika 2009"

Walioondoka na msukosuko ule ni Pontiac, Saturn na Hummer. Hukumu ya Oldsmobile ilitangazwa tarehe 12 Desemba 2000, GM ikiwa bado kampuni ya magari kubwa kuliko zote duniani. Kuifunga kulichukua zaidi ya miaka mitatu, tena kwa gharama kubwa, kwa sababu sheria za majimbo ziliwalinda mawakala wake wapatao 2,800 na ilibidi walipwe.

Tena siku hiyo inatangazwa, Oldsmobile ilikuwa katikati ya ushindi. Injini yake ya mbio, iliyozaliwa na V8 ya Aurora, ilishinda mbio za Indianapolis 500 kila mwaka kuanzia 1997 hadi 2001, mara tano mfululizo. Mwaka 2002 warithi wa injini hiyo walirudi uwanjani wakiwa wamebandikwa nembo ya Chevrolet, wakashinda tena.